Kabla hujanunua dawa ya kung'arisha meno, uliza kwanza hiyo rangi imetoka wapi

Kama wewe ni wa kufunika mdomo kwa kiganja kila unapocheka, au ni wa kubana midomo picha ikipigwa, soma hii kabla hujatuma pesa kwa mtu.

Isiolo mjini siku hizi hutafuti sana. Kwenye supamaketi, dawa nyeusi ya mkaa imepangwa kando ya zile tulizozoea. Kwa maduka ya vipodozi kuna jeli ya zambarau kwenye kichupa kidogo. Ukiingia TikTok utaonyeshwa karatasi laini za kubandika juu ya meno, au kile kifaa cha kuuma chenye taa ya buluu, na muuzaji wa Nairobi atakwambia lipa kwa M-Pesa, mzigo utafika kwa basi kesho. Zote zinakuja na picha mbili, ya kabla na ya baada. Hiyo ya baada, usishangae ikiwa ni kazi ya simu.

Kutaka meno meupe si dhambi, na sikuandikii hapa ili nikuambie ujikubali ulivyo, uende zako. Mtu anaenda mahojiano ya kazi, anataka kutabasamu. Mwingine ana harusi mwezi ujao. Hayo ni mambo ya maana. Shida ni kwamba muuzaji hakuulizi swali moja ambalo lingeamua kama pesa zako zinaenda mahali au zinapotea: meno yako yaliipata wapi hiyo rangi?

Basi hebu jiulize mwenyewe. Toka nje mchana, kwenye mwanga wa jua na si wa balbu, na kioo mkononi. Piga mswaki kwanza. Kisha angalia mambo mawili: rangi iko wapi, na ilianza lini.

Kama imekaa karibu na ufizi, katikati ya jino na jino, na nyuma ya meno ya chini ya mbele, na unakumbuka kwamba ulipokuwa darasa la nane haikuwepo, hiyo ni rangi ya nje. Imebandikwa na unachotia mdomoni. Kwetu washukiwa wanajulikana. Kuna chai, ile ya rangi iliyochemka mpaka ikawa kama kahawa, vikombe vinne kwa siku. Kuna sigara. Na kuna jaba.

Miraa ya Maua inapitia Isiolo kila siku ikielekea Moyale, Wajir na Mandera, na nyingi haiendi mbali, inatafunwa hapa hapa. Miraa ina tanini, kitu kile kile kinachofanya chai ikwaruze ulimi, na tanini hushika kwenye jino. Lakini mimi naona madoa ndiyo shida ndogo ya kikao. Kubwa ni kinachoandamana nayo. Mdomo unakauka, mate yanapungua, na mate ndiyo yanayosafisha meno bila wewe kujua. Kisha juu ya ukavu huo unaweka soda, Big G na chai yenye sukari vijiko vitatu, saa nne au tano mfululizo. Rangi ya kahawia unaiona kwa kioo. Shimo linalochimbwa pembeni huoni mpaka usiku ule litakapokuamsha.

Habari njema kuhusu rangi ya nje ni kwamba inatoka. Habari ambayo muuzaji hataki uijue ni kwamba mara nyingi haihitaji dawa ya kung'arisha hata kidogo. Ukoga uliokaa muda mrefu hugeuka mgumu kama jiwe, na hapo hakuna dawa ya duka itakayoubandua. Mtaalamu wa meno huukwangua kwa chombo chake, akapiga polishi, na unashuka kwenye kile kiti ukiwa na meno ambayo hukumbuki kwamba ulikuwa nayo. Inaitwa tu kusafishwa meno. Kabla hujaagiza kifaa cha taa, nenda hospitali ya umma iliyo karibu nawe yenye kitengo cha meno, uulize kusafishwa ni pesa ngapi. Linganisha na bei ya kile kifaa, halafu uamue.

Sasa kuna rangi ya pili, na hapa ndipo nataka tukae kidogo.

Angalia tena kioo. Kama madoa yako yamekaa kwa jozi, yaani jino la kulia linafanana na mwenzake wa kushoto, na ni mistari myeupe kama chaki au mabaka ya njano mpaka kahawia, na yalikuwepo tangu meno ya utu uzima yalipochomoza, hiyo si rangi ya nje. Iko ndani ya jino. Ulizaliwa mahali, ukanywa maji ya mahali hapo, na maji hayo yalikuwa na floraidi nyingi.

Floraidi ni madini. Iko kwenye miamba ya volkano, na maji yanayokaa chini ya ardhi kwenye miamba hiyo huibeba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja ya maji ya kunywa. Mwaka 1984 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya maji ya chini ya ardhi kutoka kila upande wa Kenya, zaidi ya sampuli 1,000. Asilimia 61 zilizidi miligramu 1, na karibu sampuli moja kwa kila tano ilizidi miligramu 5. Utafiti wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulikuta alama za floraidi kwenye meno ya watoto wapatao wanne kwa kila kumi. Bonde la Ufa ndilo linalotajwa zaidi, kule Nakuru, Naivasha na Baringo. Kaskazini mwetu, watu wa El Molo pale Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana, wamejulikana miaka mingi kwa meno ya kahawia, na baadhi yao kwa mifupa ya miguu iliyopinda, kwa sababu ya maji ya ziwa wanayoyanywa.

Isiolo ni mji wa watu waliotoka kote. Mmoja alilelewa Turkana, mwingine Nakuru, mwingine Marsabit, mwingine hapa hapa kwenye kisima cha kuchimbwa. Mkikaa meza moja, kila mtu anabeba mdomoni maji ya alikolelewa. Maana jambo hili hutokea utotoni tu, jino likiwa bado linajengwa ndani ya ufizi, mpaka umri wa miaka 8 hivi. Ukihamia kwenye maji ya floraidi ukiwa na miaka 20, meno yako ya mbele hayatabadilika rangi. Na ukihama kutoka huko ukiwa na miaka 20, hayatarudi kuwa meupe.

Unaona sasa kwa nini ni ukatili kumwambia mtu wa namna hiyo aende akapige mswaki. Anapiga. Pengine anapiga kuliko wewe. Wapo wanaosugua mpaka ufizi unatoka damu, wengine kwa majivu, wengine kwa mchanga laini, na kuna mtu mtandaoni anayeshauri Jik. Jik ni ya choo na shuka. Mdomoni inaunguza ufizi na koo, na doa linabaki pale pale.

Kusugua hakusaidii kwa sababu ya jinsi jino lilivyojengwa. Juu kuna enameli, gamba gumu linalopitisha mwanga kidogo. Chini yake kuna dentini, na dentini kwa asili yake ni ya njano. Enameli haifiki hata milimita 3 pale ilipo nene kabisa, na karibu na ufizi ni nyembamba sana. Ikisha kulika haioti tena. Kwa hiyo mtu anayekwaruza meno yake ili yawe meupe anaondoa kile cheupe na kufunua cha njano. Anaona meno yamezidi kuwa ya njano, anaongeza bidii. Ndiyo hiyo biashara.

Tukirudi sasa kwenye ile rafu ya duka, utaweza kuzisoma hizo bidhaa mwenyewe.

Dawa ya mkaa ni sandipepa iliyotiwa mnanaa. Inaweza kuondoa madoa ya chai ya juu juu, kweli, kama vile dawa yoyote yenye chembechembe. Mwaka 2017 jarida la chama cha madaktari wa meno wa Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti zilizokuwepo kuhusu mkaa wa meno, na waandishi hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuunga mkono madai ya kung'arisha wala ya usalama. Nyingi pia hazina floraidi. Hapo utaniuliza, si umetoka kuilaumu floraidi sasa hivi? Ni suala la kipimo na umri. Kidogo juu ya jino, ukatema, huimarisha enameli na kuzuia mashimo. Nyingi tumboni mwa mtoto, kila siku kwa miaka, ndiyo huharibu. Ndiyo maana mtoto wa chini ya miaka 3 huwekewa dawa ya meno kiasi cha punje ya mchele tu.

Limau na baking soda sitaki hata tuzungumze sana. Enameli huanza kuyeyuka kwenye asidi ya kipimo cha pH 5.5 hivi, na maji ya limau yako kwenye 2 na kidogo. Unailainisha kwa limau halafu unaikwangua kwa unga. Baking soda peke yake ni laini kiasi, limau ndilo adui. Na hata ukinywa soda tu, ngoja kama nusu saa kabla ya kupiga mswaki.

Jeli ya zambarau ni buluu ya mama. Unakumbuka shati jeupe la shule lililoanza kuwa la njano, mama anatia buluu kwenye beseni na linaonekana jipya? Ni hesabu hiyo hiyo ya rangi, zambarau inaficha njano. Haijang'arisha chochote, imepaka. Ukila chakula cha jioni imeondoka. Kwa picha ya harusi sina neno, itakusaidia saa mbili tatu. Kwa madoa ya kahawia haitakusaidia hata hizo.

Kinachong'arisha kwa kweli ni peroksaidi. Hupenya enameli na kuvunja zile chembe zenye rangi ndani ya jino. Ilianza kuchukuliwa kwa uzito mwaka 1989, madaktari wawili wa meno wa Marekani, Haywood na Heymann, walipoandika kuhusu kumpa mgonjwa kifuniko cha meno kilichofinyangwa kwa kipimo cha mdomo wake, chenye jeli ya kabamaidi peroksaidi asilimia 10, akalala nacho. Hiyo asilimia 10 ni sawa na haidrojeni peroksaidi asilimia 3.5 hivi. Sokoni utakuta majina yote mawili, na nambari za kabamaidi huonekana kubwa, usitishike wala usidanganyike nazo.

Umoja wa Ulaya ulikaza kamba. Tangu 31 Oktoba 2012, bidhaa ya meno yenye zaidi ya asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi haiuzwi kwa mtu wa kawaida huko. Mpaka asilimia 6 huuzwa kwa daktari wa meno tu, ambaye anakuangalia mdomo kwanza na kukuanzisha yeye, na haitumiwi kwa aliye chini ya miaka 18. Zaidi ya 6, hapana. Si kwamba peroksaidi ni sumu. Ni kwamba mwenye jino lililotoboka akiweka jeli ile, inaingia shimoni na kufika kwenye neva, na huo uchungu hausimuliki. Kifuniko cha saizi moja kwa watu wote humwaga jeli kwenye ufizi, unaamka ufizi mweupe unawaka. Ganzi ya meno ukinywa kitu baridi ni kawaida kwa siku chache, isipoisha, acha. Mjamzito asubiri. Na kama una jino la bandia au lililozibwa kwa mbele, hilo halibadiliki rangi, utabaki nalo limesimama peke yake kati ya wenzake weupe.

Ile taa ya buluu? Kwa vifaa vya nyumbani kinachofanya kazi ni jeli. Taa ni ya picha.

Kuna jambo lingine ambalo wa Nairobi hawalifikirii. Peroksaidi huharibika kwa joto. Jeli iliyosafiri kwenye buti ya basi, ikakaa miezi kwenye duka la mabati hapa kwetu ambapo saa nane mchana hata soda inachemka, pengine imeshakufa kabla hujaifungua. Angalia tarehe ya mwisho. Angalia kama kiasi cha peroksaidi kimeandikwa. Pakiti isiyosema ina nini ndani, irudishe. Na kwa bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS, tuma herufi SM, alama ya reli na ile nambari kwenda 20023, uone kama ni ya kweli. Ukiambiwa kuna mtu anang'arisha meno kwenye saluni, muulize jina lake, ulitafute kwenye orodha ya madaktari wa meno iliyo kwenye tovuti ya baraza la KMPDC. Anayefanya kazi kihalali hatakasirika.

Mwenye madoa ya floraidi, wewe sikiliza zaidi hapa. Karatasi za duka zinaweza kukufanyia kinyume: sehemu nzima ya jino inang'aa na yale mabaka ya chaki yanazidi kujitokeza. Lakini hujaachwa bila njia. Madoa mepesi mtaalamu anaweza kuyapunguza kwa kusugua uso wa jino kwa asidi hafifu na unga maalumu, tabaka jembamba sana, akifuatisha jeli. Yaliyo mazito hufunikwa kwa nyenzo ya rangi ya jino. Inagharimu, na hutaipata kila mahali. Muulize daktari kabla ya kulipa: madoa yangu ni ya juu au yameingia ndani kiasi gani? Pia kama ni jino moja tu lililogeuka kijivu, na uliwahi kuanguka au kupigwa mpira usoni, huenda neva yake imekufa. Hilo ni la daktari, achana na dawa za kung'arisha.

Na bidhaa ya bei nafuu kuliko zote haiko kwenye rafu. Mswaki wa mti, ule Wasomali wanaouita caday na Wasamburu sokotei, unaota wenyewe kandokando ya Ewaso Nyiro na ndani ya Buffalo Springs. Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake pale unapotumika kwa desturi. Nyuzi zake hufagia madoa ya chai na miraa vizuri, na watu wengi wa hapa hawahitaji kufundishwa. Ila wengi wanautumia vibaya: wanasugua kulia kushoto kama msumeno, kila siku pale pale mbele, na ufizi unapanda juu. Sugua kwa kufuata urefu wa jino, toka ufizini kwenda ncha. Fika na nyuma, usibaki kwenye yale sita yanayoonekana. Kata ncha iliyochakaa, utafune mpya. Ukiweza, usiku tumia dawa ya kawaida yenye floraidi.

Mwisho, kama una madoa ya jozi na una mdogo wako wa miaka minne mitano nyumbani anayekunywa maji yale yale uliyoyanywa wewe, meno yake ya mbele yanajengwa sasa hivi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Yanapungua kwa mvuke na yenyewe inabaki. Kule Nakuru Dayosisi ya Kikatoliki imekuwa ikitengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa vinavyoinasa, kwa hiyo upo mkaa unaosaidia meno, ila ni wa kuwekwa kwenye maji. Kisima chenu kikiwa na kamati, waulize matokeo ya vipimo yanasema nini kuhusu floraidi, au mwulize ofisa wa maji wa kaunti. Mkiwa mnasubiri jibu, maji ya mvua hayana floraidi ya kutisha. Ikinyesha, wekeni pipa moja safi lenye kifuniko chini ya bati, na hayo yawe ya kunywa na kupikia uji wa watoto wadogo tu. Nyinyi wakubwa endeleeni na ya kisima.